Mwinjilisti Wayua na Wimbo wa Mtungi

Siku hizi watu hawaimbi. Wanapiga kelele kwa furaha, na hilo ni jambo lingine kabisa. Nimelisema hili katika kila mkutano wa wazee wa kanisa letu hapa Kanyangi, na kila mara wenzangu hutikisa vichwa kwa heshima, kisha huendelea na mambo yao.

Mimi sikusoma shule. Baba alinipa mbuzi badala ya kalamu, nami nikajifunza kusoma porini, herufi kwa herufi, kwa kitabu cha nyimbo ambacho mama alipewa alipobatizwa. Anayekigusa kitabu hicho amegusa shule yangu. Enzi zile kanisa liliimba kwa sauti nne bila kinanda wala spika, na besi ya akina baba ilitetemesha mabati. Waliokuwa na besi hiyo wamelala makaburini. Sisi tuliobaki tuna kikohozi.

Na si kanisa tu lililopoteza. Zamani akina mama walifanya kazi kwa mwethya, yaani kundi la majirani wanaolima leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwethya ulikuwa na nyimbo zake zilizotaja ng'ombe, wachumba na wakwe wachoyo. Sheria ilikuwa moja: anayeanzisha wimbo haruhusiwi kuuacha mpaka kazi iishe. Wimbo ukifa, majembe chini, kila mtu anakaa, hata kama mwenye shamba analia. Wahubiri wa kwanza walizikataza nyimbo hizo kwa sababu Mungu hakutajwa, nazo zikafa. Mwethya wa sasa huimba za kanisani. Sheria ile tu ndiyo iliyobaki, na Mbinya, mwenyekiti wa mwethya wetu, mama mwenye mikono kama koleo, huilinda kuliko anavyolinda kuku wake.

Basi katika hali hiyo ya hasara tukaletewa mwinjilisti Wayua.

Alifika kwa pikipiki, akiiendesha mwenyewe, kinanda kimefungwa nyuma kwa mpira kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Alizaliwa Makindu. Mama yake aliwauzia wasafiri chai na mahindi ya kuchemsha kando ya barabara ya Mombasa, na Wayua alikua akisuuza vikombe huku akisikiliza kila lugha na kila wimbo uliopita ndani ya magari. Jirani yao alikuwa Wangechi, mke wa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Murang'a akafungua duka la vipuri, na huyo ndiye aliyemfundisha kinanda. Kwanza walitumia meza. Wangechi alichora vibonye kwa chaki juu ya meza ya chai, na Wayua akavipiga kimya kimya kati ya mteja na mteja. Ukimtazama hata leo akiwa mkutanini, vidole vyake vinatembea juu ya goti.

Kutoka hapo akaenda chuo cha Biblia, akawa mwinjilisti, akaanza kuhamishwa. Kila kanisa lilimpenda kwa muda, kisha wazee wakaanza kulalamika juu ya nyimbo zake. Nyimbo zenyewe huzitunga akiwa juu ya pikipiki. Ule uliotuudhi sisi ulikuwa na maneno haya: "Ananijua mimi, na mtungi wangu." Watu wakajibu: "Anajua, anajua." Basi. Baada ya hapo mwinjilisti huongeza chochote: ananijua mimi na jembe langu, ananijua mimi na sufuria yangu iliyotoboka. Hauna beti. Hauna Amina. Ungeweza kuanza ukiwa kijana ukatoka umezeeka. Na katika nyimbo zote za kitabu chetu, niliwaambia wenzangu, hakuna mahali ambapo Mwenyezi Mungu ametajwa pamoja na mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia.

Jumatatu tukamwita. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa ni Ndeti, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mtu anayesema kwa nguvu hata kinu kikiwa kimezimwa. Akamweleza kwamba Jumapili Mchungaji Musyoka, anayesimamia makanisa yote ya upande huu, atakuja kututembelea, na kwamba wiki nzima hadi siku hiyo ziimbwe nyimbo za kitabu peke yake. Akishindwa, tutamwomba mchungaji amhamishie Zombe, mbali na hapa. Ukali wote wa maneno hayo nilikuwa nimemtilia mimi Ndeti mdomoni.

Wayua alisikiliza, vidole vikitembea gotini. Kisha akasema, "Wazee, hapa nimepanda mpaipai."

Ndeti akauliza mpaipai unahusu nini.

"Kila nilipopelekwa nimepanda. Na kila nilipopanda, amekula mwinjilisti mwingine." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Huu wa hapa nataka nile mwenyewe. Nitaimba za kitabu."

Wenzangu wakanituma nifuatane naye wiki hiyo, nihakikishe. Kwa hiyo katika uzee wangu, mimi ambaye nimeilaani pikipiki tangu ilipoingia soko la Kanyangi, nikapanda nyuma ya mwanamke nikiwa nimekumbatia kitabu cha nyimbo kifuani. Mwinjilisti aliniambia nishike chuma cha nyuma, si kofia. Kofia ikaenda. Tukairudia. Ikaenda tena. Mbuzi walitukimbia, na nadhani mmoja wao alinitambua.

Tulianza kwa Kathini, aliyevunjika mguu akichota mchanga, na ambaye alikuwa amelala kwake akila vizuri na kuamrisha kila mtu. Majirani walijaa. Akaomba wimbo. Mwinjilisti akafungua kitabu, akaanza ule nilioupenda mimi tangu utotoni, wa mwendo wa polepole, na watu wakaimba kwa hisia hata wanawake wawili wakatoa leso. Kufikia ubeti wa mwisho Kathini alikuwa ameketi wima kitandani, uso umebadilika.

"Daktari amewaambia nini," akauliza, "ambacho mimi hajaniambia?"

Tulichelewa sana kutoka pale. Ilibidi kila mmoja aapishwe kwamba ni mguu tu.

Siku iliyofuata kijana mmoja alikuwa anafungua duka la kinyozi sokoni, na akaomba duka libarikiwe. Akina mama wa kanisa wakafika, kitabu kikafunguliwa, lakini wimbo pekee ambao wote waliokuwa pale waliujua kwa moyo ulikuwa ule unaoimbwa jeneza likishushwa. Wakauimba vizuri, sitakataa. Watu waliokuwa wakipita wakavua kofia. Mwenye duka la mkabala akafunga nusu ya mlango kwa heshima. Mzee mmoja akaja akamshika kinyozi mkono, akamwambia ajikaze, yote ni mapenzi ya Mungu. Kijana yule akaninong'oneza, kwa adabu kubwa, kama tungeweza kuishia ubeti ule, kwa maana wateja walikuwa wameanza kukitazama kile kiti vibaya.

Nikamtazama mwinjilisti. Alikuwa ameuma midomo yote miwili, mabega yakitikisika. Tulipofika nje ya soko alisimamisha pikipiki, akashuka, akaketi kando ya barabara akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimweleza kwamba kosa si la wimbo, ni la watu kutojua nyimbo. Akasema, "Ndiyo, mzee," akapangusa machozi, akaendelea kucheka. Sijui ni kitu gani kilichonipata. Huenda ni jua. Nami nikacheka, kidogo, upande wa nyuma asinione.

Lakini ahadi aliishika. Katika ibada za nyumbani, katika mazoezi ya kwaya, hata akiosha sufuria zake, za kitabu tu. Nilipita kwake asubuhi moja nikamkuta akiumwagilia mpaipai maji ya kuoshea vyombo. Ulikuwa umemzidi kimo, majani yamekunjuka vizuri, bado hauna ua. Akautazama kama mtu anayetazama basi ambalo huenda likamwacha.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya bwawa.

Ni lazima nieleze, kwa kuwa wapo wasomaji wanaotoka mahali penye maji. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukijenga ukuta wa mawe kuukata mto, mvua inapokuja huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na mchanga huo hukaa na maji ndani yake muda mrefu baada ya jua kukausha kila kitu. Wayua aliona mabwawa kama hayo upande wa Makueni, na tangu afike alikuwa akisumbua kila ofisi mpaka tukapata simiti na fundi. Mwethya wa Mbinya ulikuwa umebeba mawe majuma mengi. Ukuta ulikuwa umebaki pengo la katikati tu. Fundi alisema pengo hilo lijazwe kwa mara moja, bila kusimama, kwa sababu tabaka moja likikauka kabla ya lingine kushikana nalo, ukuta utapasuka hapo hapo. Na juu ya vilima mawingu yalikuwa yamekaa, meusi, yakitungoja. Mto ukija na pengo liko wazi, ungebeba ukuta wote.

Kwa hiyo kanisa zima lilishuka, na sisi wazee pia. Tukajipanga mstari kutoka kwenye rundo la mawe mpaka ukutani, mawe mkono kwa mkono upande huu, karai za simiti mkono kwa mkono upande ule. Mbinya akasimama katikati akauliza nani anaanzisha.

Ndeti akaanzisha, wimbo wa kitabu, kwa sauti ya kinu. Nilijivuna sana. Mawe yakaanza kutembea. Yalitembea kwa heshima, jinsi watu wanavyotembea nyuma ya jeneza, na ubeti wa mwisho ulipofika tukaimba Amina ndefu, nzuri, na mwethya wote ukakaa chini.

"Wimbo umekufa," Mbinya akaeleza, kwa kuwa fundi alikuwa mgeni na alikuwa ameshika kichwa.

Mwingine akaanzishwa. Beti tatu, Amina, chini. Mwingine. Amina. Chini. Ndipo nikaamua kuwaokoa, nikaanzisha mrefu kuliko wote ulio kitabuni, ambao marehemu kaka yangu Mulinge na mimi tuliuimba tukiwa vijana mpaka ng'ombe wakaja kusikiliza. Ubeti wa pili walinifuata. Wa tatu walinifuata kwa kunung'unika tu. Ubeti wa nne niliuimba peke yangu, na katikati yake kikohozi kikanishika, na nilipoinua kichwa mstari wote ulikuwa umeketi ukinitazama kwa huruma.

Fundi akachovya kidole kwenye karai. "Mama," akamwambia Mbinya, "hii simiti ikishikana hapa tutakuwa tumejenga karai."

Mbinya akamgeukia Wayua. "Bwawa hili ulilileta wewe. Imba."

"Siwezi, mwaitu," Wayua akajibu, akimwita mama kama tunavyowaita wanawake wakubwa. "Niliahidi wazee. Mpaka kesho."

Akasema hivyo huku ameshika jiwe tumboni, nywele zimejaa vumbi la simiti. Wote wakamgeukia Ndeti. Ndeti akanigeukia mimi. Alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema polepole, kwamba ahadi ile ilikuwa wazo langu, kwa hiyo niseme.

Nilitazama pengo. Nilitazama mawingu. Nilitafuta andiko la kunisaidia na halikuja.

"Kanisa liko kule juu," nikasema. "Hapa ni mtoni."

Sikuwahi kuona mtu akifunguka hivyo. Akarusha kichwa nyuma, akaita, "Ananijua mimi, na mtungi wangu," na mstari mzima ukaruka kusimama kama umechomwa na siafu: anajua, anajua. Jiwe la kwanza likanipita mikononi hata sikuliona. Ananijua mimi, na jembe langu. Anajua. Ananijua mimi, na mbuzi wangu mla nguo. Anajua. Wimbo ulikuwa na nafasi ndani yake, na watu wakaanza kuingia. Kathini, aliyebebwa akawekwa juu ya kiti kivulini, akaita na mguu wake. Mke wa Ndeti akaita na mume wangu anayekoroma, na Ndeti mwenyewe akaitikia anajua, anajua, kabla ya kufikiri. Mwanamke mmoja akaita na mume wangu aliye Nairobi na simu yake iliyozimwa, na hapo akina mama waliitikia kwa nguvu hata ndege wakaondoka mtini. Fundi, ambaye sijui hata ni wa dhehebu gani, akaita kutoka juu ya ukuta: "Ananijua mimi, na sijanywa chai." Anajua. Mawe hayakubebwa tena, yaliruka. Mtu alicheka huku akilia, mtu alicheza na karai kichwani, na wala hapakuwa na kinanda, wala spika, wala Amina ya kumruhusu mtu yeyote kukaa.

Mahali fulani katikati ya mawe hayo nikautambua. Hivi ndivyo mama yangu alivyoimba shambani nikiwa nimefungwa mgongoni kwake, akitaja ng'ombe mmoja mmoja, na wenzake wakimjibu. Wimbo ule ule wa mwethya, tulioufukuza na kuuzika, nilioulilia miaka yote hii. Umevaa nguo nyingine ukarudi kwa mlango wa kanisa, na mimi nilikuwa mlangoni nikiuzuia.

Nikafungua mdomo nikaita na magoti yangu. Wakanijibu.

Pengo likajaa. Mbinya akapiga ukuta kwa kiganja, akasema kazi imeisha, na wimbo ukanyamaza mara moja kama maji yaliyofungwa.

Sasa mngedhani shauri limekwisha. Halikuwa limekwisha, kwa sababu malalamiko yalikuwa yamekwisha kumfikia Mchungaji Musyoka, na Jumapili alisimama mbele, mtu mrefu wa suti ya kijivu, akauliza kwa upole ni upi huu wimbo wa mtungi ambao ameletewa habari zake. Wayua alikuwa ameketi pembeni, kitabu cha nyimbo mapajani, vidole vimetulia. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuviona vikitulia. Ndeti akaninyooshea mkono. Mzee ataeleza, akasema.

Nikasimama nieleze tu. Nilikusudia kusema kwamba wimbo una kasoro kadhaa lakini una matumizi. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maneno yenyewe ni haya, mchungaji. Ananijua mimi, na mtungi wangu."

Kanisa likajibu: anajua, anajua.

Nikangoja wanyamaze. Walikuwa wamenyamaza, wakinitazama. Mbinya alikuwa ameinua nyusi. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeanzisha, na anayeanzisha hauachi mpaka kazi iishe, na hapakuwa na kazi.

Nikaita na magoti yangu. Nikaita na kofia yangu iliyobaki barabarani. Nikaita na mbuzi, wote, kwa rangi zao. Mchungaji aliketi. Jasho likanitoka, na watu wakaanza kupiga makofi, na kinanda kikaingia chini ya sauti yangu taratibu, kama mtu anayekushika kiwiko ukivuka mto. Vitu vyangu vikaisha. Nikabaki na watu. Nikaita, ananijua mimi, na kaka yangu Mulinge, aliyeimba besi. Anajua, anajua. Nikaita waliokaa benchi lake, jina baada ya jina, wale wote ambao hakuna aliyewataja humu ndani tangu tuwazike, na kanisa lilinijibu kwa kila jina, hata vijana ambao hawakuwaona. Mabati yakatetemeka. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa, na nilikuwa sijui jinsi ya kutoka.

Mbinya ndiye aliyenihurumia. Akasimama, akatangaza kwamba simiti ya jana inakauka vibaya na inahitaji maji, akachukua mitungi iliyokuwa nyuma ya mlango na kutoka nje. Kanisa lote likamfuata, na mimi mbele yao nikiimba, kwa sababu sasa kazi ilikuwapo. Tukachota kwenye visima vya mchanga, tukalowesha ukuta kutoka ukingo hadi ukingo. Mchungaji Musyoka alivua koti akabeba mtungi kila mkono, na alipofika karibu nami aliita na mahubiri yake ambayo hayajahubiriwa. Anajua, anajua.

Mbinya akapiga ukuta. Kazi imeisha. Nikaketi mchangani.

Mchungaji, viatu vimejaa matope, akauliza ni nani aliyekuwa na hoja ya Zombe. Ndeti akatazama mawingu. Wengine wakatafuta vifuniko vya mitungi.

"Mwinjilisti abaki," nikasema. "Lakini na Amina ziimbwe pia, walau mbili kila Jumapili."

Wayua akasema ndiyo, mzee, akacheka kabla sijamaliza.

Mvua ilikuja wiki hiyo na ukuta ukasimama. Mpaipai umetoa maua. Nimeukagua mwenyewe, nikipita tu. Ameniahidi kipande cha paipai la kwanza. Nimemwambia mapaipai ya siku hizi hayana utamu.